Nafasi Baina ya Wawili: Picha za Uchumba na Mwanagenzi wa Kamera

Kiswahili kina desturi yake katika mambo ya uchumba. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Mmoja hutenda, mwingine hutendwa. Upigaji picha nao umeingia katika lugha kwa mlango huohuo: mwenye kamera hupiga, mwenye sura hupigwa. Lakini kipo kitenzi cha tatu kisichokuwa na mkubwa wala mdogo ndani yake, nacho ni kuchumbiana. Kauli hizi tatu, ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendana, zinatosha kuwa kipimo cha sanaa moja ndogo iliyoenea visiwani na mwambao katika miaka hii, ingawa ni nadra kuhakikiwa: sanaa ya picha za uchumba zinazopigwa na rafiki asiye fundi.

Mahali pa sanaa hiyo panajulikana. Jioni, jua linapoanza kuinamia bahari mbele ya Forodhani, wachumba hufika wakiwa wawili, au watatu akiwapo shangazi au mdogo wa kike aliyetumwa kuwasindikiza. Pamoja nao huja rafiki mwenye kamera, aghalabu ya kuazima. Rafiki huyo ni mwanagenzi. Hakuitwa kwa umahiri wake bali kwa kuwa ni mtu wao. Mbele ya fundi wa kulipwa wangeona haya. Ombi lao ni moja: hawataki picha za kusimamishwa kama za harusi, wanataka picha za kawaida, kana kwamba hapakuwa na kamera. Ombi hilo huonekana jepesi, na mwanagenzi hulipokea kwa furaha akidhani kwamba kawaida maana yake ni kutofanya maandalizi. Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia.

Picha ya kawaida si picha isiyopangwa. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ni picha ya Robert Doisneau iliyopigwa Paris mwaka 1950, ya kijana na msichana wanaobusiana mbele ya jumba la manispaa huku watu wakipita. Picha hiyo ilitoka katika jarida la Life la Marekani, na miaka ya 1980 ikawa bango lililobandikwa katika vyumba vya watu wa nchi nyingi, walioamini kwamba hilo ni pendo lililonaswa njiani. Miaka ya 1990, shauri lilipofika mahakamani kwa watu waliodai kuwa sura zile ni zao, Doisneau alieleza kwamba wawili wale walikuwa wanafunzi wa uigizaji, na kwamba yeye ndiye aliyewaomba wabusiane. Wapo waliohisi wamedanganywa. Lakini wawili hao, Françoise Bornet na Jacques Carteaud, walikuwa wapenzi wa kweli siku ile. Mpigapicha aliwaona kwanza wakibusiana, ndipo akawaomba warudie. Alichokipanga ni mahali na saa. Pendo hakulipanga yeye.

Mpenzi wa ushairi hana haja ya kulishangaa jambo hilo. Ubeti unaotiririka kama mazungumzo ya barazani ndio uliokwisha kuhesabiwa mizani yake, nane kwa nane, na kupimwa vina vyake vya kati na vya mwisho, hata msomaji asiione hesabu. Mtunzi mwanagenzi akidhani kwamba wepesi ni kuacha hesabu, huambulia maneno yaliyotawanyika. Akidhani kwamba hesabu ndiyo shairi, huambulia vina vilivyosimama kama vigingi visivyofungiwa kitu. Mwanagenzi wa kamera hupita kati ya hatari hizohizo mbili. Upande mmoja kuna ovyo. Upande wa pili kuna amri: simameni hapa, tazamaneni, tabasamuni. Na amri ndiyo inayowarudisha wachumba katika kauli ya kutendwa.

Kauli hiyo ina historia ndefu Unguja. Tangu karne ya 19 mji ulikuwa na studio za picha, ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho zikiwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi, na kazi zao nyingi zilichapwa katika postikadi zilizouzwa kwa wasafiri. Katika postikadi nyingi za zama hizo mwanamke wa pwani anaonekana amepambwa na kusimamishwa mbele ya pazia, na chini yake pameandikwa aina yake, si jina lake. Ufundi wa mwanga mara nyingi ni wa kusifiwa. Lakini mwanamke huyo amepigwa picha kwa maana kamili ya kitenzi. Picha yaeleza vipi mnunuzi alitaka kumwona. Haielezi vipi yeye alitaka kuonekana.

Studio zilizofuata zilianza kuibadili kauli. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ilipokea familia zilizokuja kwa hiari yao, kwa mavazi waliyoyachagua wenyewe. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha vijana na wapenzi waliotaka kuonekana kama nyota wa filamu za Kihindi walizozitazama sinema. Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kujifunza kazi mwenyewe, alikata na kuunganisha picha mbalimbali katika karatasi moja, akawapa watu wa mji wake sura ambazo jicho la kawaida lisingeziona. Bakor naye alianza akiwa mwanagenzi asiye na mwalimu, na hilo ni faraja kwa kila anayeanza. Mikao ya studio hizo ilipangwa waziwazi, wala hapana aliyejifanya kuwa kamera haipo. Hata hivyo picha zake zina uhai, kwa sababu aliyepigwa alikuwa mshirika katika kupanga. Alikuja na ndoto yake, fundi akaitilia taa.

Ushirika wa namna hiyo haukuwa wa pwani peke yake. Huko Bamako, nchini Mali, Malick Sidibé alipiga mwaka 1963 picha ya usiku wa Krismasi ambayo sasa inajulikana duniani. Kijana aliyevaa suti na msichana asiye na viatu wanacheza dansi. Vichwa vimekaribiana kiasi cha kugusana, na macho ya wote wawili yameelekea miguuni. Mtazamaji husema mara moja: hawa ni wapenzi. Kumbe ni kaka na dada. Kosa hilo la mtazamaji lina funzo kubwa kuliko sahihi nyingi. Ukaribu unaoonekana pale hautokani na mapenzi ya wachumba, wala na mkao uliofundishwa. Unatokana na wawili kushughulikia jambo moja kwa pamoja. Kila mmoja anaifuata hatua ya mwenzake. Wanachezeshana, na mnyambuliko huo wa kitenzi ndio picha yenyewe.

Kwa mwanagenzi wa Forodhani funzo hilo ni la vitendo. Asiwape wachumba mkao, awape shughuli. Awaambie watembee kutoka Mizingani hadi Shangani wakisimuliana siku ile barua ya posa ilipofika. Wanunue kahawa na kashata, wagawane. Yeye awatangulie hatua kumi, ageuke, angoje. Picha za dakika kumi za mwanzo azipige bila ya kuzitumainia, kwa kuwa kazi yake ni kuwazoesha kamera tu. Mara nyingi picha yenyewe huja baada ya kusemwa kwamba kazi imekwisha, pale mabega yanaposhuka na mmoja anapomgeukia mwenzake kumuuliza kama alionekana mjinga.

Ufundi nao una kauli zake. Mwanagenzi akipata lenzi yenye tundu pana, kama vile f/1.8, huvutiwa na namna inavyoufifiza usuli, akaiacha wazi jioni nzima. Mchumba mmoja akiwa nusu hatua nyuma ya mwenzake, uso mmoja hutoka mkali na wa pili hutoka na ukungu. Picha kama hiyo husema uongo bila ya kukusudia: yasema kwamba mmoja ndiye mhusika na mwingine ni pambo. Tundu likifinywa hadi f/4, na wachumba wakawa umbali mmoja kutoka kwenye kamera, nyuso zote mbili husomeka. Wakiwa wanatembea, kasi ya 1/250 ya sekunde huzuia hatua zisifutike. Na mwenye simu au lenzi pana asiwasogelee mno, kwa kuwa ukaribu huo hukuza pua na kuupinda uso ulio pembeni. Arudi nyuma, awaachie pumzi.

Fumbo gumu zaidi ni la mavazi. Kipimamwanga cha kamera hakijui kanzu wala buibui. Hudhani kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kijivu. Kanzu nyeupe ikiijaza picha, kamera hupunguza mwanga, na uso wa mwenye kanzu huingia kizani. Buibui jeusi likiijaza, kamera huzidisha mwanga, na uso wa mwenye buibui hukwajuka. Wakisimama pamoja juani saa sita mchana, ni shida kupata kipimo kitakachowatendea haki wote wawili. Dawa yake mji wenyewe umekwisha kuiweka. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na kuta zake zilizopakwa chokaa huupokea mwanga wa jua kule juu na kuuteremsha ukiwa umelainika. Mwanagenzi awaingize humo kuanzia saa kumi, apime mwanga usoni badala ya nguoni, kisha awatoe pwani karibu na saa kumi na mbili, jua likiwa upande wa bahari. Unguja haiko mbali na ikweta, na kiza chake huingia upesi. Mwanga huo wa mwisho ni wa dakika chache, haumngoji mtu anayetafuta kitufe.

Baada ya mwanga linabaki suala la nafasi baina ya wawili. Mikao inayoigwa sana siku hizi, paji kwa paji, mikono kiunoni, mwanamke amenyanyuliwa juu, imetoka katika picha za watu wa desturi nyingine, na kwao ina ukweli wake. Lakini kwa wachumba wengi wa pwani haielezi hali waliyomo. Wamekubaliwa na bado hawajaozwa. Uchumba ni kungoja, na kungoja kuna umbali wake. Wakilazimishwa kukumbatiana mbele ya shangazi, shingo hukakamaa, na kamera huliandika hilo kwa uaminifu.

Mshororo wa mizani 16 hukatika katikati: ukwapi upande huu, utao upande ule, na baina yao pumzi. Pumzi hiyo haihesabiwi kuwa kasoro ya shairi. Ndiyo inayolifanya sikio likingoje kina cha pili. Wachumba walioketi juu ya baraza moja, kisahani cha kashata kikiwa katikati yao, kila mmoja akizuia kicheko kwa neno alilolisema mwenzake, wana urari uleule. Picha yao ina kukatika na kuitikiana. Mwanagenzi anayelijaza pengo hilo kwa amri ameufuta uchumba, akaweka mahali pake hali ambayo wenyewe bado hawajaifikia.

Hoja hii ina mpinzani wake, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema kwamba uhakiki wa namna hii unageuka kuwa askari wa desturi. Kwamba wapo wachumba wa dini na malezi mbalimbali wanaoshikana mikono bila ya haya. Na kwamba heshima inayopangwa kwa ajili ya kamera ni mkao kama mikao mingine. Ni kweli. Msichana aliyeamriwa ainamishe macho ili aonekane mwenye haya ametendwa sawasawa na yule wa kwenye postikadi. Kipimo basi si umbali wala ukaribu, bali ni nani aliyeuchagua. Wawili wanaosogeleana kwa kupenda kwao wamo katika kauli ya kutendana. Wawili waliotenganishwa na mpigapicha hawamo. Mwanagenzi aulize kabla, asikisie. Na bibi aulizwe kwanza, tena pembeni, kwa kuwa mbele ya mchumba wake na shangazi yake si rahisi kwake kusema hapana.

Suala la nani anachagua haliishii pale kamera inapofungwa. Picha ya harusi ni ya jambo lililokwisha kutimia. Picha ya uchumba ni ya ahadi, na ahadi huweza kuvunjika pasipo na ubaya wa mtu. Wale wapenzi wa Paris waliachana, na picha yao ikaendelea kubusiana katika kuta za watu kwa miaka mingi. Katika mji mdogo wa kisiwani uzito wa jambo kama hilo ni mwingine. Uchumba ukivunjika, picha iliyokwisha kupita kutoka simu hadi simu haiwahukumu wawili hao sawasawa. Mwanamume ataposa tena, na watu watasahau. Mwanamke ndiye atakayeulizwa habari za picha ile kila ifikapo barua mpya, naye hana njia ya kuiita irudi. Hapo kauli ya kutendwa hurejea kwa nguvu, na mlango ulifunguliwa na rafiki aliyetaka tu kuonyesha kazi yake.

Kwa hiyo mwanagenzi ni mwenye amana kabla ya kuwa msanii. Asiionyeshe picha wala kuituma mpaka wote wawili waridhie, na kuridhia kwa mmoja kusihesabiwe kuwa ni kwa wawili. Nakala awakabidhi wao. Na mmoja wao akitaka picha fulani ifutwe, aifute, hata kama ndiyo bora kuliko zote alizozipata. Kwa anayeanza huo ni mtihani mzito, maana picha nzuri ya kwanza ni ngumu kuiacha kama ubeti wa kwanza uliokaa sawa. Lakini ubeti ni wa mtunzi. Sura ni ya mwenyewe.

Amana hiyo ina upande wake wa furaha pia, kwani picha ya kawaida huhifadhi hata yale ambayo hakuna aliyeyakusudia. Wachumba waliopigwa Forodhani kabla ya tarehe 25 Disemba 2020 huenda nyuma yao wana mnara wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883. Siku hiyo sehemu kubwa ya jumba iliporomoka, na mnara nao ukaanguka. Mwanagenzi aliyelifinya tundu la lenzi hata mnara ukaonekana aliwaachia wawili hao mahali pamoja na sura zao. Wanaweza kuwaonyesha watoto na kusema, tulikuwa hapa, na hili lilikuwa limesimama. Aliyeufifiza usuli wote kwa kupenda mtindo amewapa nyuso mbili zinazoweza kuwa za mji wowote. Mahali si pazia la studio. Wazee huposa mbele ya mashahidi, na katika picha ya uchumba mji ni shahidi mmojawapo.

Basi albamu ya mwanagenzi isipimwe kwa wingi wa picha kali. Katika 200 alizopiga jioni moja, pengine 20 zitatazamika, na mbili au tatu zitakuwa na uhai. Nyingine zitakuwa zimepinda upeo wa bahari, au mtu atakuwa amefumba macho, au mkono wa mpita njia utakuwa umekatiza pembeni. Hayo ni makosa ya kujifunzia, na wachumba watayacheka. Zile mbili tatu zina alama moja: mtazamaji hawezi kusema ni nani kati ya wawili hao aliyeanza kucheka. Aliyeposa na aliyeposwa hawatofautishwi tena. Wanachekeshana, na aliyeshika kamera amekaa upande wake, akingoja.